Ukizaa Litaisha: Swali Lililopelekwa kwa Nyani

Msichana alikuwa amejikunja kwenye benchi la duka la dawa, karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, mtandio umemteleza begani na mikono yote miwili imelishika tumbo. Mamake alikuwa kaunta akinunua dawa ya maumivu, na kwa jinsi muuzaji alivyoifuata rafuni bila kuuliza ni ipi, ilionekana wazi kwamba wanaijia kila mwezi. Muuzaji, kijana mwenyewe, akasema kwa adabu, "Mama, si bora mumpeleke kwa daktari wa akina mama amtazame?" Mama akazikunja chenji zake kwenye leso, akamtazama kwa upole.

"Ni chango tu la hedhi, mwanangu. Mimi nilikuwa nalo, na mama yangu alikuwa nalo. Akiolewa akizaa litaisha."

Wanawake wawili waliokuwa nyuma yake waliitikia kwa kichwa. Mimi nikanunua nilichokijia nikaenda zangu, na maneno yale nikaenda nayo.

Nimeyasikia tangu utotoni: kwenye shughuli za harusi, kwenye arobaini, na katika vyumba vya kusubiria hospitalini. Husemwa kwa huruma, na mara nyingi msemaji ni mtu aliyeteseka mwenyewe, kwa hiyo sikuwahi kuyafikiria kuwa madai yanayoweza kupimwa. Safari hii yalinikaa rohoni kwa wiki nyingi, kwa sababu muda huohuo nilikuwa nikiwaandalia wanafunzi wangu somo la baiolojia ya uzazi, na katika kusoma nilikutana na kazi za mtafiti ambaye aliyachukua maneno hayohayo akayageuza kuwa swali: je, mimba huyaponya kweli maumivu haya?

Swali hilo aliwapelekea nyani, na nyani wenyewe walikuwa papa hapa Kenya.

Boston nako walisema hivyohivyo

Ugonjwa ninaouzungumzia ni endometriosisi. Tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya mji wa mimba, hata juu ya utumbo na kibofu, nayo huitikia homoni za kila mwezi huko iliko. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190. Si kila chango ni endometriosisi, na sitaki msomaji aondoke na dhana hiyo. Lakini maumivu yanayomtoa msichana darasani kila mwezi yanastahili kuchunguzwa kwa jicho hilo.

Nilipoanza kufuatilia ushauri wa kuzaa ulitoka wapi, nilitarajia kuukuta kwa makungwi na wakunga wetu. Nikaukuta pia Boston. Katika miaka ya 1940, Joe Vincent Meigs, daktari mashuhuri wa magonjwa ya wanawake, aliandika kwamba endometriosisi huwapata zaidi wanawake wenye uwezo wanaochelewa kuzaa, akahimiza ndoa za mapema na uzazi wa mara kwa mara kuwa kinga. Kwa hiyo bibi wa Mji wa Kale na bingwa wa Marekani walikuwa wakisema jambo moja, na tofauti yao ni kwamba la bingwa liliandikwa kwenye majarida ya tiba.

Mawazo ya namna hiyo yalizaa dhana nyingine mbaya zaidi, kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake wa Kizungu. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari Mmarekani mweusi wa Chicago, alionyesha kwamba miongoni mwa wanawake weusi walioambiwa wana maambukizi ya nyonga walikuwamo wengi ambao kwa kweli walikuwa na endometriosisi. Maambukizi hayo watu huyahusisha na zinaa. Kila nikifikiria mwanamke aliyebeba aibu ya aina hiyo mbele ya mumewe na wakweze kwa ugonjwa asiokuwa nao, nasikia uchungu.

Kwa nini nyani

Panya wa kawaida wa maabara haingii hedhini. Hilo peke yake lilitosha kuwakwamisha watafiti kwa muda mrefu, kwa sababu huwezi kuuchunguza vizuri ugonjwa wa hedhi kwa mnyama asiyetoka damu. Miongoni mwa mamalia, wanaopata hedhi ni kundi dogo: binadamu, sokwe, nyani na jamaa zao, baadhi ya popo, baadhi ya sengi (wanyama wadogo wenye pua ndefu), na aina moja ya panya mwenye miiba ambaye habari zake zilijulikana mwaka 2016 tu. (Wasomaji wa Gede na Malindi wanaomjua sengi wa msitu wa Arabuko-Sokoke watapenda kusikia kwamba jamaa zake wamo kwenye orodha fupi namna hiyo.)

Nyani ana sifa za ziada. Mzunguko wake ni wa siku 33 hivi, karibu na wa binadamu, na mimba yake huchukua takriban siku 180. Mwili wake ni mkubwa kiasi cha kutumiwa vifaa vilevile vinavyotumika hospitalini kwa wanawake, na njia ya shingo yake ya kizazi imenyooka kuliko ya makaka, aina ya tumbili wanaotumiwa sana maabara, hivyo kifaa chembamba kinaweza kupitishwa bila upasuaji.

Tena mwili wake hutangaza. Sisi husema nyani haoni kundule; mtafiti wa uzazi wa nyani huanza kazi yake ya kila asubuhi kwa kulitazama. Yai linapopevuka, homoni ya estrojeni huijaza maji ngozi ya nyuma ya jike mpaka ikavimba na kung'aa, na yai likishatoka, siku chache baadaye uvimbe hunywea na ngozi hukunjamana. Mtu aliyesimama nje ya kizimba na daftari lake anaweza kujua, bila kumchoma mnyama sindano hata moja, kwamba leo ndiyo siku ya kumwingiza dume. Tangu nisome hilo siwezi tena kumtazama nyani wa kandokando ya barabara kwa jicho la zamani.

Nina jamaa Kwale ambao wakisikia neno nyani hutafuta teo, kwa sababu wanashinda mashambani wakiyalinda mahindi yao na makundi yanayoshuka kutoka Shimba Hills. Kuwaeleza kwamba mnyama huyohuyo ameusaidia ulimwengu kuuelewa ugonjwa wa wanawake ni kazi. Lakini taasisi ya utafiti huo ilianzishwa na Louis Leakey mwaka 1960, ikaja kukaa kwenye msitu wa Oloolua, pembeni mwa Nairobi, na huko ndiko alikokwenda Mbelgiji aitwaye Thomas D'Hooghe.

Kuchungulia, kisha kurudi kuchungulia tena

D'Hooghe alikuwa daktari wa wanawake kutoka Chuo Kikuu cha Leuven. Mwaka 1991 yeye na wenzake, wakiwemo Charanjit Bambra na Mohamed Isahakia, ambaye aliwahi kuongoza Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha maelezo ya endometriosisi waliyoikuta kwa nyani bila mtu yeyote kuwasababishia. Kwangu hiyo ndiyo habari ya kwanza ya kushangaza: mnyama huyu huupata ugonjwa huu mwenyewe, kama sisi.

Swali lililokuwa mezani lilikuwa la zamani. Mwaka 1927 John Sampson, daktari wa Albany, New York, alipendekeza kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi, ikamwagika ndani ya nyonga, na vipande vya utando vilivyomo vikashika na kuota. Ni maelezo mazuri, lakini yana tundu. Utafiti wa mwaka 1984 ulikuta kwamba damu hiyo hurudi nyuma kwa takriban asilimia 90 ya wanawake wenye mirija iliyo wazi, ilhali wanaougua ni wachache zaidi.

Kwa nini basi huyu augue na yule asiugue?

Kwa mwanamke huwezi kulifuatilia swali hili kwa karibu. Hutamlaza mtu mzima na kumfungua tumbo kila baada ya miezi michache ili uone kama madoa yameongezeka. Kwa nyani walifanya hivyo kwa laparoskopi: mnyama hulazwa kwa dawa ya usingizi, tundu dogo hutobolewa karibu na kitovu, tumbo hujazwa gesi kidogo ili viungo viachane, kisha bomba jembamba lenye taa huingizwa na jicho huanza kuzunguka. Madoa mengine ni meusi yenye kuelekea buluu, mengine ni mekundu, mengine meupe, na mengine ni vipovu visivyo na rangi ambavyo jicho lisilozoea huvipita. Kila doa hupimwa na kuchorwa mahali pake, mnyama hushonwa, huamka, na baada ya muda kazi hurudiwa kwa mnyama yuleyule.

Walifanya hivyo kwa miezi 30. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1996, yalionyesha kwamba doa moja moja linaweza kuonekana leo na kutoweka safari ijayo, huku jingine likizuka pengine, lakini kwa jumla ugonjwa husonga mbele. Fikiria mwanamke aliyechunguzwa mara moja akaambiwa hana kitu. Kwa miaka mingi jibu la namna hiyo limechukuliwa kuwa la mwisho, na wengi wamerudishwa nyumbani kuambiwa kwamba maumivu ni ya kichwani mwao.

Mwaka mmoja kabla, kundi hilohilo lilikuwa limechukua utando wa hedhi wa nyani na kuudunga ndani ya nyonga zao, na ugonjwa ukaota. Wazo la Sampson likapata nguvu kuliko lilivyokuwa nazo kwa miongo mingi. Waliwapa pia nyani wengine dawa za kupunguza kinga ya mwili, na kwa waliokuwa tayari wakiugua, madoa yaliongezeka na kutanda. Kwa hiyo huenda sehemu ya jibu la "kwa nini huyu" imo katika namna mwili unavyosafisha kilichomwagika.

Kizimba

Hapa ndipo nilipokwama kwa siku nyingi, na nadhani ndipo penye uzito wa habari yote.

Katika moja ya tafiti zao za mwaka 1996, walikuta kwamba kadiri jike alivyokaa muda mrefu kizimbani ndivyo uwezekano wa kumkuta na endometriosisi ulivyoongezeka. Nyani jike aliyeko porini hutumia sehemu kubwa ya utu uzima wake akiwa na mimba au akinyonyesha, na katika hali hizo haingii hedhini. Kizimbani, akitengwa na dume, damu humjia mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mama wa duka la dawa na nikajiuliza kama hakuwa na haki. Ikiwa hedhi nyingi zisizokatishwa na mimba huongeza ugonjwa, basi Meigs na makungwi wetu walikuwa wameona jambo la kweli kwa macho yao, hata kama hawakuwa na bomba lenye taa. Sikutaka kuliruka wazo hilo kwa sababu tu halinipendezi. Nimewasomesha wasichana kwa miaka mingi, wengine wametolewa shuleni kwenda kuolewa, na ushahidi wowote unaoweza kutumiwa kuwaharakisha unanitia hofu. Lakini hofu yangu haiwezi kubadilisha kilichoonekana.

Kilichonisaidia ni kutenganisha mambo mawili ambayo maneno ya mama yule huyafunga pamoja. Kuwa na hedhi chache maishani huenda kukapunguza uwezekano wa kuupata ugonjwa. Kumtibu aliyekwisha kuupata ni jambo jingine kabisa, na msichana wa kwenye benchi, kama anao, yuko upande huo wa pili.

Swali lenyewe

Mwaka 1997 D'Hooghe na wenzake walichapisha utafiti wa moja kwa moja juu ya jambo hilo: waliwafuatilia nyani wenye endometriosisi walipokuwa na mimba, wakaangalia kama madoa yalipungua. Katika theluthi ya kwanza na ya pili ya mimba hawakuona kwamba mimba iliubadilisha ugonjwa.

Ni utafiti mdogo, wa nyani, na haukufika siku ya kuzaa. Najua mipaka yake. Hata hivyo, ulikuwa mara ya kwanza kwangu kuona maneno ya jikoni kwetu yakisimama mbele ya kipimo.

Na kuna upande mwingine wenye kuuma zaidi. Katika kazi nyingine walilinganisha uwezo wa kushika mimba, mzunguko kwa mzunguko, kwa nyani walioingiziwa dume siku inayofaa. Wale wenye ugonjwa wa daraja la kwanza walishika mimba kama wenzao wazima. Kuanzia daraja la pili kwenda juu, uwezo ulipungua. Maana yake ni kwamba ushauri wa "zaa upone" humwelekeza mgonjwa kwenye jambo ambalo ugonjwa wenyewe, ukishakomaa, unamzuia. Kisha asiposhika mimba mwaka wa kwanza, wala wa pili, maneno hugeuka. Aliyekuwa ana chango sasa huitwa tasa, mawifi huanza kunong'ona, na mwanamke mwingine hutafutwa.

Nimeyaona hayo katika ukoo wangu mwenyewe, na sitaandika zaidi ya hapo kwa sababu mwenyewe yu hai na hajaniruhusu.

Gharama

Sitaki kuyasimulia haya kama kwamba hakuna aliyelipa. Baadhi ya nyani hao walikamatwa porini. Waliishi vizimbani, walilazwa kwa dawa za usingizi tena na tena, na matumbo yao yalifunguliwa kwa faida ambayo haikuwa yao. Mwalimu mwenzangu wa dini, nilipomweleza, aliniambia kwamba mnyama naye ana haki zake mbele ya Mwenyezi Mungu na kwamba haja ya kweli pekee ndiyo inayohalalisha. Ninakubaliana naye. Nikipima, naona haja ilikuwepo, kwa sababu hapakuwa na mnyama mdogo wala chombo cha maabara ambacho kingeweza kujibu maswali yale wakati ule. Lakini ninaamini pia kwamba jibu lililopatikana kwa gharama hiyo likikaa kabatini, dhuluma huanzia hapo.

Ndiyo maana mwenendo wa kazi ya D'Hooghe ulinishughulisha baada ya kuondoka Nairobi. Huko Leuven aliongoza kituo cha tiba ya ugumba kwa miaka mingi, na kundi lake likatafuta njia ya kuutambua ugonjwa bila upasuaji; kwa mfano, mwaka 2009 walichapisha kazi juu ya nyuzi ndogo za neva katika utando wa mji wa mimba zinazoweza kuonekana kwenye kipande kidogo kinachochukuliwa kupitia shingo ya kizazi. Mwaka 2015 akahamia kampuni ya Merck ya Darmstadt, Ujerumani, mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa dawa za uzazi. Kuna watakaoona hilo kuwa ni kuhamia upande wa biashara. Mimi naona kwamba dawa hazijitengenezi, na mtu aliyeugusa ugonjwa kwa mikono yake kwa miaka mingi anafaa kuwa ndani ya chumba zinakoamuliwa. Kinachonisumbua ni bei. Kwetu hapa mzunguko mmoja wa kupandikiza mimba hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, na hii ndiyo nchi iliyowatoa nyani.

Mwaka 2022

Mwaka huo Jumuiya ya Ulaya ya Uzazi wa Binadamu na Embriolojia ilitoa mwongozo mpya wa endometriosisi. Mwongozo huo hauitaki tena laparoskopi iwe kipimo cha lazima kabla ya matibabu kuanza, jambo ambalo kwa mwanamke wa Likoni au Changamwe asiyeweza kulipia upasuaji lina maana kubwa. Unasema pia waziwazi kwamba wagonjwa wasishauriwe kushika mimba kwa lengo la kutibu endometriosisi pekee, kwa sababu mimba si lazima ipunguze dalili wala kuuzuia ugonjwa kuendelea.

Ilichukua miaka 25 baada ya nyani wale.

Hivi karibuni nilialikwa na kikundi cha akina mama wa chama kimoja Tudor nizungumze nao juu ya afya ya mabinti zao, nikawasomea sentensi hiyo kwa Kiswahili. Palikuwa na kimya kidogo, kisha bibi aliyekaa karibu na mlango akaniuliza, "Basi mwalimu, ikiwa kuzaa si dawa, dawa ni ipi?"

Nilimweleza kwamba dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana. Kuna dawa za kutuliza maumivu, kuna homoni, vikiwemo vidonge vya kupanga uzazi, ambazo hupunguza au kusimamisha hedhi, na kuna upasuaji kwa wanaouhitaji, na kila moja huamuliwa na daktari kwa hali ya mgonjwa wake. Aliposikia vidonge vya kupanga uzazi, chumba kizima kilisisimka. Mwali ambaye hajaolewa apewe vidonge hivyo? Si vitamfunga kizazi? Nikawaambia havifungi kizazi, na kwamba akiviacha hedhi yake hurudi. Kwamba anayevitumia kwa ugonjwa huu anavitumia kama mgonjwa anavyotumia dawa nyingine yoyote.

Bibi akanitazama kwa muda. Akaniuliza kama niko tayari kuyasema hayo mbele ya mwanawe wa kiume, baba wa mjukuu wake, ambaye ndiye atakayekataa. Nikamjibu kwamba niko tayari, naye akanipangia Jumamosi baada ya laasiri, nyumbani kwao.